Sahani ya Karani

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifunga nyama buchani kabla hawajalisoma: tuko Soin, kwenye mazishi ya Mzee Johana, aliyeitwa Karani na kila mtu kwa sababu alipima majani chai kituo hiki na kile mpaka nywele zikamwisha kichwani. Pasta Kiplimo ameshika maikrofoni. Amefungua programu ya mazishi, ukurasa wa nne. Amesoma sentensi moja tu. Na Nelvine, binti aliyeichora programu hiyo, ameanza kutafuta pa kujificha.

Tuendelee kabla hajazirai.

"Karani alikuwa na mlango mwingine Londiani," Pasta alisoma kwa sauti ileile ya kutangaza mikutano ya akina mama, "na nyuma ya mlango huo kulikuwa na mwanamke aliyemngoja, na mtoto aliyemwita baba kwa kunong'ona."

Familia haikuandika hayo. Nelvine ndiye aliyeyaandika. Ilikuwa sura ya tisa ya riwaya yake, nukta kwa nukta.

Maana huyu Nelvine, kama hamjui, ni watu wawili. Asubuhi ni mwandishi. Anazima simu, anajifungia chumba cha nyuma cha duka lake Kericho mjini na kuandika riwaya. Ikifika saa ya chai anawasha simu, anatoka mbele na kuchora kwa kompyuta kadi za arusi, mabango ya harambee na programu za mazishi. Riwaya haijawahi kumnunulia hata chumvi. Wafu ndio wanaomlisha. Siku moja alilisema hilo kanisani kwa sauti, akaombewa.

Na ana tabia moja. Fundi wa kazi hiyo akichora sampuli ya kumwonyesha mteja kabla maneno halisi hayajaletwa, humwaga maneno yoyote ya kujazia nafasi. Nelvine humwaga riwaya yake. Anasema anapenda kuziona sentensi zake zimevaa suti. Sampuli ya Karani aliijaza sura ya tisa, kwa kuwa ndani yake kuna mhubiri anayesoma wasifu wa mtu kaburini, na urefu ulilingana. Familia ilipoleta maneno yake, akafuta ya kwake.

Alifuta. Yuko tayari kuapa kwa kichwa cha mama yake. Basi yalirudije?

Pasta hakusimama. Kuna watu wakisoma hawasikii wanachosoma, na Pasta ndiye mwenyekiti wao.

"Kila alipofika Londiani alivua koti, akaketi. Kabla ya kula aliizungusha sahani yake polepole, mpaka pale palipobanduka rangi pakatazama mlango. Ndipo akala."

"Amina," akaitikia mzee mmoja viti vya nyuma, kwa mazoea.

"Pasta," akasema mjane.

Alisema hilo tu. Lakini Mama Janeffer akisema neno moja, hata jenereta hupunguza sauti. Pasta akatazama karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena kama mtu anayetafuta upande wenye nafuu.

Ndipo hema zima likaanza kufunua kurasa. Mtu wa kwetu akipewa programu huangalia picha, kisha anajipepea nayo. Sasa watu waliacha kujipepea, wakasoma.

Benard, kifungua mimba wa marehemu, alisimama na suti yake ya mabega mapana. "Nani alitengeneza hii kitu?"

Nelvine alikuwa ameshajificha nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kipana kama sinia. Mpango ulikuwa mzuri. Ila mwenyewe, kwa kutafuta wateja, huwa anachapa jina lake na namba ya simu nyuma ya kila programu.

Benard akaisoma namba. Akapiga.

Jogoo akawika chini ya kilemba.

Msicheke. Huo ndio mlio wa simu yake.

"Wewe ndiye Nelvine?"

"Ndiye."

"Kuja hapa mbele."

Akaenda. Ni hatua chache, lakini muulize mtu yeyote aliyewahi kupita mbele ya jeneza huku watu wote wakisoma maneno yake.

"Ni hadithi," alisema. "Mama, nisamehe. Ni maneno ya kujazia tu."

"Ya kujazia?" Mama Janeffer alimtazama juu hadi viatu. "Kwani mzee wangu alikuwa debe?"

"Sivyo, Mama. Nilifuta. Kuna kosa lilifanyika kwa kuchapa. Ngoja nimpigie mwenye mashine, mtasikia wenyewe."

Akaweka simu juu ya meza ya kutangazia, kwa spika. Pasta, kwa kutaka kujikomboa, akaisogezea maikrofoni karibu.

"Mbuthia, ile programu ya Soin, ulichapa gani?"

"Ile ya mwisho." Sauti ya Mbuthia ilijaa mahema yote.

"Ya mwisho ni gani?"

"Si ile Bilhah aliniletea kwa flashi? Alisema familia imebadilisha peji ya nne. Nikakupigia nihakikishe, ukawa mteja, hupatikani. Wewe asubuhi huwa mteja tu, ati uko na kitabu." Akasikiliza kidogo. "Kwani kuna nini? Nasikia mwangwi. Uko chooni?"

Waombolezaji wa nyuma walicheka, wakakohoa kuficha kicheko. Nelvine hakucheka. Alikuwa amegeuka kumtafuta mtu mmoja.

Bilhah!

Najua mlimpenda. Hata mimi nilimpenda, na mimi ndiye ninayemwandika. Bilhah rafiki yake tangu kidato cha kwanza, walipoambiana kwamba wote wawili hawana baba, kila mmoja akisema mama yake alimwambia kwamba wake alikufa zamani. Bilhah waliyevaliana naye sweta mpaka mwalimu wa zamu akawa anamchapa mmoja kwa makosa ya mwingine. Bilhah msomaji wake wa kwanza. Bilhah aliyemwambia, "Wewe andika, asubuhi nitakushikia duka," na akalishika kweli, bila kuchoka, bila kununa.

Kumbe alikuwa ameshika na flashi.

Alikuwa amesimama kando ya hema na programu zilizobaki mkononi. Yeye ndiye aliyezigawa. Hakukimbia. Hakuinamisha hata macho.

"Bilhah, mwambie ni uongo," Nelvine alisema. "Mwambie Mbuthia amechanganya."

"Hajachanganya."

Kabla Nelvine hajapata hewa, viti vya nyuma vikakwaruza. Mwanamke mnene mwenye koti zito, koti ambalo hakuna mtu wa Soin angelivaa kwenye joto lile, alisimama.

"Naitwa Ann Wakonyo," alisema. "Nauza viazi Londiani. Hiyo imesomwa ni kweli. Na huyo msichana ni wangu."

Bilhah akavuka hema, akaenda kusimama kando yake. "Mama," akasema.

Mama Janeffer alikaa akiwatazama. Halafu akaongea polepole, kama mtu anayehesabu kuku jioni. "Kila msimu alikuwa akienda Londiani kutafuta mbegu za viazi."

Soin ni ya mahindi na miwa. Miaka yote hiyo, kwenye shamba la Karani hakijawahi kuota kiazi.

"Kumbe hizo ndizo mbegu," akamaliza mjane. Akamgeukia Bilhah. "Na jina wakakupa Bilhah. Hata kwa Biblia alikuwa mke wa pembeni."

Hapo mahema yakawaka. Wazee wakasimama, mashangazi wakasimama juu ya viti, kwaya ikaanzisha wimbo kuzima moto, sauti ya tatu ikakosa pa kuingilia. Katikati ya vurugu hiyo Nelvine alimshika Bilhah mkono, akamburuta hadi nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji.

"Ile hadithi ulinipa ukilia," alisema. "Nilikuwa nimekwama, sina sura ya tisa, sina chochote. Ukasema ni ya mtu wa kanisa lenu."

"Ningesema ni yangu, ungeandika?"

"Ningekuuliza kwanza!"

"Hukuniuliza. Ulichukua biro."

Nelvine akashika lingine. "Na kumwita Karani? Wewe ndiye ulisema nimwite Karani. Ukasema linapendeza."

"Linapendeza."

"Bilhah, nilikufundisha hiyo kompyuta mimi mwenyewe! Nilikuonyesha jinsi ya kuhamisha peji. Nilishika mkono wako kwa mausi kama wa mtoto."

"Ulinifundisha vizuri. Si uliona hata herufi zimelingana?"

Angempiga kofi. Mkono ulifika nusu ya njia, ukachoka.

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Nikuambie lini? Asubuhi wewe ni mteja. Mchana una wateja." Sauti ya Bilhah sasa ilikuwa imepasuka. "Watoto wa marehemu wako peji ya pili. Wewe ndiye uliwapanga. Benard, Chepkirui, Duke, ukauliza kama wawekwe katikati ama kando. Mimi nilikuwa nyuma yako nimekushikia chai. Nikasema kando. Nelvine, nilikuwa nachagua mahali majina ya ndugu zangu yatakaa, na langu halipo. Watu wetu, kama hauko kwa programu hukuzaliwa."

"Kwa hivyo ukachukua kitabu changu ukafanya spika ya matanga."

"Ndicho kitu pekee Pasta angesoma bila kuuliza."

"Jumatatu natia sahihi Nairobi!" Nelvine alipiga tangi kwa kiganja, likalia kama ngoma. "Wachapishaji wanataka nikubali kwa maandishi kwamba hadithi ni ya kutungwa, kwamba hakuna mtu halisi ndani yake. Ni wewe ulinisukuma niwatumie. Ni wewe ulibonyeza. Sasa nitasaini nini?"

Bilhah akatazama viatu vyake.

"Ulijua," Nelvine alisema. "Ulikuwa unajua kitabu kitakufa, na bado ukaenda kwa Mbuthia."

"Nilijua kitaumia."

"Kitaumia! Kitabu si goti, Bilhah."

Kikohozi kikawakatiza. Benard alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, amevua koti la suti, na bila lile koti mabega yake yalikuwa ya kawaida tu.

"Wewe wa kompyuta," alisema. "Nimesikia mambo ya Jumatatu. Nikusaidie. Panda pale mbele useme ulitunga yote. Mwanamke ulitunga, mtoto ulitunga, kila kitu. Useme mama huyu ametumwa na watu. Sisi tutazika, na hicho kitabu utatoa, hatutakuwa na neno."

"Na nikikataa?"

"Basi wakili wangu ataanza na kitabu, halafu aje kwa duka. Hapa Soin hata tangazo la mbuzi aliyepotea hutachora tena."

Hebu jiweke hapo, wewe unayesoma ukiwa na kikombe mkononi. Upande mmoja, riwaya uliyoiandika kila asubuhi ya ujana wako, na duka linalokulisha. Upande wa pili, rafiki aliyekuuza mchana peupe. Na unachoombwa ni kusema kwamba riwaya ni ya kutunga, jambo ambalo mwandishi yeyote huapa bure.

Usijibu haraka. Nelvine alijibu haraka.

"Nelvine, tafadhali," Bilhah alisema nyuma yake. "Chochote kingine. Usiseme sipo."

Hakugeuka.

Alichukua maikrofoni kwa Pasta, aliyeitoa upesi kama kijinga cha moto. Watu wakanyamaza. Hata mashangazi walishuka kwenye viti.

"Naitwa Nelvine," alisema. "Ile peji ya nne imetoka kwa riwaya yangu. Nilitunga yote. Hakuna mwanamke wa Londiani. Hakuna mtoto. Ni hadithi tu."

Ann Wakonyo aliketi. Bilhah hakulia. Aliikunja programu mara moja, akaikunja tena, akaendelea kuikunja mpaka ikakataa.

Nisiwadanganye: kwa muda mfupi Nelvine alisikia utamu. Kulipiza ni kutamu. Benard akamtikisia kichwa kutoka mbali kama mwalimu mkuu. Pasta akafungua kitabu cha nyimbo.

"Yote?" akauliza Mama Janeffer.

"Yote, Mama."

"Na sahani?"

"Hata sahani."

Mjane akasimama.

"Mama, keti," Benard alisema. "Yameisha."

"Wewe nyamaza. Ulikuwa unampeleka Londiani kwa pikipiki yako. Ulifikiri sijui tope la huko ni la rangi gani?"

Benard akavaa koti lake haraka, lakini alikuwa amechelewa.

Mama Janeffer aliingia ndani ya nyumba peke yake, akatoka na sahani ya bati ya bluu. Ilikuwa kuukuu, na ukingoni palikuwa pamebanduka rangi, pamebaki doa jeusi. Akaiweka juu ya meza ya kutangazia, mbele ya watu wote.

"Wageni wakija, mzee alikula kwa sahani za udongo kama wao," alisema. "Hii ilitoka tukiwa sisi wa nyumba peke yetu. Akiwekewa, kwanza alifanya hivi." Akaizungusha polepole, doa jeusi likazunguka, likatazama mlango. "Ndipo anakula. Hata Pasta hajui. Hata ndugu zake hawajui. Hii mtu hatungi. Hii mtu anaona."

Akamgeukia mwanamke wa koti zito. "Wewe. Kwako alikuwa akizungusha?"

Ann Wakonyo akapangusa macho. "Alizungusha. Nikimuuliza, anasema njaa itokee hapo."

"Hata mimi aliniambia hivyo."

Wajane wawili wakatazamana. Kuna kitu kilipita kati yao, na wallahi karibu kiwe kicheko.

"Basi ni wewe ulimwambia huyu," Mama Janeffer akamwambia Bilhah. "Na huyu amesimama mbele ya maiti akakukana. Ni rafiki wa aina gani?"

Nelvine alitamani ardhi ya Soin imfungukie, ikitaka kwenye shimo lililokwisha kuchimbwa.

Lakini Bilhah alikuwa amekunja uso. "Mlango nilimwambia," alisema. "Koti nilimwambia. Kunong'ona nilimwambia." Alimtazama Nelvine, na hasira yote ilikuwa imemtoka, akabaki na mshangao tu. "Sahani sikumwambia. Nilipoisoma kwa sura ya tisa nilishtuka. Nikasema labda amebahatisha."

Macho yote yakarudi kwa Nelvine.

"Nelvine, sahani ulitoa wapi?"

"Kichwani," alisema. "Nilitunga."

Hapo ndipo alipokisikia kichwa chake kikimjibu.

Meza ya mbao, nyumbani kwao Kiptere, dirisha likitazama majani chai. Yeye ni mdogo, kidevu chake kinafika ukingoni mwa meza. Kuna mgeni wa Jumamosi anayeleta mkate na kuitwa mjomba. Mama anaweka sahani. Na mkono mkubwa, wenye harufu ya majani mabichi, unaizungusha sahani polepole, polepole, mpaka doa jeusi linatazama mlango.

Aligeuza macho kwa picha ya marehemu juu ya jeneza. Uso huo alikuwa ameusafisha yeye mwenyewe kwenye kompyuta alasiri nzima, kunyanzi kwa kunyanzi, akiukuza mpaka jicho moja likajaza kioo. Na hakuutambua.

Ann Wakonyo alikuwa akimtazama Nelvine, kisha Bilhah, kisha Nelvine tena. Kama yule mwalimu wa zamu.

Jogoo akawika.

Simu ilikuwa bado juu ya meza, kando ya sahani, maikrofoni ikiwa karibu. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa neno moja: Mama. Nelvine akabonyeza, akasahau kwamba spika haikuwa imezimwa.

"Nelvine." Sauti ya mama yake ilitoka kwenye vipaza sauti vyote, juu ya mahema, juu ya mahindi. "Kuna karatasi inazunguka kwa WhatsApp ya akina mama wa kanisa. Iko na namba yako nyuma. Huyo mzee wa mbele ni nani?"

"Ni Karani, Mama. Niko mazishini kwake. Soin."

Mashangazi wakasogea karibu na meza.

"Mama," Nelvine alisema, "ulisema baba alikufa kabla sijazaliwa."

Upande wa pili kitu cha bati kilianguka sakafuni, kikazunguka, kikazunguka, kikatulia.

"Msimzike," mama yake akasema. "Ninakuja."